Mwigizaji anayeandika skripti adai mikataba miwili

Ndugu Mhariri,

Arusha na Moshi tuna waigizaji wengi wanaoandika skripti za filamu, lakini wengi hulipwa posho ya kuigiza tu, na skripti inabebwa bure kama vile ni nyongeza. Inauma, kwa sababu kuandika ni kazi kamili na inastahili mkataba wake.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 humlinda mwandishi akiwa hai na miaka 50 baada ya kufa. Ila wazo tupu hailindi. Ukimsimulia prodyuza kisa chote mkinywa chai pale Soko la Kilombero, Arusha, anaweza kumpa mwingine akiandike, na kuthibitisha kuwa ni chako itakuwa vigumu. Andika kwanza. Jalada la skripti liwe na jina lako, tarehe na namba ya toleo, kisha isajili COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki Tanzania) kabla ya kugawa nakala. Jalada si jambo dogo: prodyuza akiomba kibali Bodi ya Filamu, maelezo ya hadithi huambatana na maombi. Likiandikwa jina lake peke yake, karatasi ya kwanza ya serikali inamtambua yeye.

Mkataba wa skripti utaje malipo kwa awamu (theluthi wakati wa kusaini, theluthi ukikabidhi rasimu, theluthi kabla ya siku ya kwanza ya kushuti), marekebisho ni mangapi, jina litaandikwaje kwenye filamu, na nani ana haki ya kutengeneza mwendelezo. Awamu ya mwisho isisubiri filamu iuzwe. Ule wa kuigiza ubaki na siku, saa na nauli.

Sasa skripti yenyewe. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja kwenye kioo, hivyo filamu ya saa moja na nusu ni kurasa 90 hivi. Kikosi kidogo kikimaliza kurasa 5 kwa siku, hizo ni siku 18 za chakula, mafuta na kamera ya kukodi. Mwandishi asiyepiga hesabu hiyo huandika, "Wanazozana Soko la Mbuyuni, watu wanajaa." Kwenye karatasi ni mstari mmoja. Sokoni ni ruhusa ya uongozi, spika za wauza nguo zinazofunika sauti, na wapita njia wanaoitazama kamera. Ugomvi uleule ukiuhamishia ndani ya kibanda kilichofungwa, soko likisikika kwa nje, unawapiga picha watu wawili kwa asubuhi moja, na mara nyingi unakuwa mkali zaidi.

Neno JIONI nalo, ukiliandika kama wakati wa sini (tukio moja la filamu), ni ghali. Huku kwetu jua likishazama giza halikawii, na sini ya kurasa tatu haiishi kwenye mwanga huo mfupi wa jioni. Waigizaji watarudishwa kesho yake na keshokutwa.

Kosa jingine ni kujiweka mwenyewe uigize katika kila sini. Ukiugua malaria, kazi yote inasimama; ziwepo angalau sini kumi ambazo wewe humo. Na ukishavaa mavazi ya mhusika, usibadilishe maneno papo hapo eti kwa kuwa ni yako. Mwenzako anasubiri neno la mwisho ulilomwandikia ndipo ajibu. Asipolisikia anaduwaa, na mnarudia tangu mwanzo. Badilisha usiku wa kuamkia siku hiyo, na kila mtu apate ukurasa mpya.

Tunaomba maofisa utamaduni wa Arusha na Moshi, wanapoandaa semina za wasanii, waweke mezani mfano wa mikataba yote miwili, kila mwigizaji aondoke na nakala.

Waandishi wa skripti,
Moshi