Mkutano ni kesho Alhamisi, si Ijumaa tena

Hamjambo makomredi? Poleni na mitihani ya wiki hii.

Tunakutana kesho saa 11 jioni, chini ya mwembe nyuma ya mesi. Tume ya uchaguzi inapokea malalamiko ya uchaguzi wa wajumbe mwisho Ijumaa saa 6 mchana, kwa hiyo barua yetu ya malalamiko lazima iwe tayari kesho usiku.

Tusilichukulie poa. Tangu sheria ya vyuo vikuu irekebishwe 2016, hatumpigii mwenyekiti wa chama cha wanafunzi kura wenyewe. Wajumbe wetu ndio humchagua. Mjumbe akipita kwa njia za panya, ndio basi.

1. Kama jina lako halikuwa kwenye daftari, njoo na kitambulisho na karatasi ya usajili wa muhula huu.
2. Mawakala, leteni fomu za matokeo au picha zake. Ile ya idara yetu ina 47 iliyokatwa ikaandikwa 74 kwa wino mwingine, na hakuna sahihi pembeni.
3. Shilingi 30 kila mmoja, ya kuchapisha na kutoa nakala. Mtumie mweka hazina kwa M-Pesa kabla ya saa 8 mchana. Aliyekwama aje tu.

Mlioona sanduku limefungwa kwa selotepu, andikeni mlichokiona kwa macho. Tetesi za bwenini zibaki huko huko, zitatuharibia barua.

Naomba kila mtu ajibu hapa "Nipo" au "Sipo" kabla ya saa 4 usiku leo. Tiki za buluu sizihesabu 😀