Barua kwa Wazazi: Ripoti za Muhula wa Pili, na Kosa la Muhula wa Kwanza

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Kisumu.

Kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wa Gredi ya 4 hadi ya 9,

KUH: RIPOTI ZA MATOKEO YA MUHULA WA PILI

Hamjambo nyote. Ijumaa hii mtoto atarudi nyumbani na bahasha iliyofungwa kwa gundi, yenye jina lake na nambari yake ya tathmini. Ndani mna ripoti yake peke yake. Nawaomba msiipasue njiani mkiwa kwenye bodaboda. Subirini mfike, mle, kisha mkae na mtoto mwenyewe muisome pamoja.

Kabla sijaeleza jinsi ya kuisoma, nina deni la kulipa. Muhula wa kwanza tuliwapa baadhi yenu ripoti zenye majina ya watoto wenu na alama za watoto wa wenyewe. Wapo waliosherehekea bure, na yupo mtoto aliyechapwa kwa hesabu ambazo hakuzikosa. Nimekwisha kuomba radhi kwenye mkutano, lakini si wote mliokuja, kwa hiyo narudia hapa na kueleza kilichotokea.

Alama zote tunaziingiza kwenye jedwali moja la Excel. Majina yako kushoto, na kila somo lina safu yake. Mwalimu mmoja alitaka majina yafuate alfabeti. Akachagua safu ya majina pekee, akaiamuru kompyuta ipange. Kompyuta ilimwuliza kama safu za jirani zihamishwe pia. Ilikuwa saa moja jioni, stima ilikuwa imepotea mara mbili, akabofya aendelee vivyo hivyo. Majina yakapanda na kushuka, alama zikabaki palepale. Ukilitazama jedwali kama hilo huoni kasoro yoyote: kila jina lina alama, kila alama ina jina.

Kosa la pili lilikuwa letu sote. Ripoti ya kila mtoto huchapishwa kutoka kwenye ukurasa mmoja wenye fomula: unaandika jina, fomula inalitafuta kwenye jedwali, inaleta alama zake. Sasa, nani asiyejua kwamba katika mji huu darasa moja laweza kuwa na akina Achieng watatu na akina Otieno wanne? Fomula ya aina ile husoma kuanzia juu kwenda chini na kusimama kwenye jina la kwanza linalolingana. Otieno wa pili akapewa alama za Otieno wa kwanza. Akina mama wawili, majirani, walikuja ofisini wakiwa na ripoti mbili zilizofanana hadi nukta. Niliona aibu, siwafichi.

Muhula huu hatutafuti kwa jina. Kila mwanafunzi ana nambari ya tathmini aliyosajiliwa nayo na Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, na nambari hiyo haina pacha. Zaidi ya hayo, baada ya kuchapisha, mwalimu mmoja alisoma alama kwa sauti kutoka kwenye karatasi za mtihani zenyewe na mwingine akafuatilia kwenye ripoti. Hatukuweza kukagua zote. Tulichukua za mwanzo, za mwisho na chache za katikati katika kila mkondo, pamoja na za kila mtoto anayeshiriki jina na mwenzake. Kwa hiyo jambo la kwanza ukifungua bahasha ni hili: linganisha nambari iliyo juu ya ripoti na iliyo kwenye bahasha. Zikitofautiana, usisome zaidi. Irudishe.

Sasa ripoti yenyewe. Mtaona herufi ambazo wengi wenu mnaniuliza kila muhula. EE ni Kuzidisha Matarajio, ME ni Kufikia Matarajio, AE ni Kukaribia Matarajio, BE ni Chini ya Matarajio. Kwa Gredi ya 7 hadi ya 9 kila kiwango kimegawanywa mara mbili, kama KNEC inavyofanya kwenye KJSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 9, hivyo pana ngazi nane: EE1 huanzia asilimia 90 na ina pointi 8, EE2 ni 75 hadi 89, ME1 ni 58 hadi 74, ME2 ni 41 hadi 57, na kuendelea hivyo hadi BE2 yenye pointi 1.

Mpaka kati ya ngazi na ngazi ni mwembamba kuliko mnavyodhani. Mtihani wetu wa Hisabati wa Gredi ya 6 ulikuwa na maswali 40, kila swali asilimia mbili na nusu. Aliyepata maswali 30 ana 75, na ripoti yake inasema amezidisha matarajio. Aliyepata 29 ana 72.5, na yake inasema amefikia. Kati yao pana swali moja, pengine hata wino uliomwagika. Kwa hiyo baba akiniambia mtoto ameanguka kutoka 72.5 hadi 70, namwambia mtoto hajaanguka popote, amekosa swali moja. Ningeanza kuuliza maswali kama angeshuka kwa alama kumi na tano, au kama angeshuka kidogokidogo mihula mitatu mfululizo.

Ukiona herufi H badala ya alama, maana yake mtoto hakuwepo siku ya mtihani huo. Zamani tuliandika sifuri. Mtoto aliyelazwa kwa malaria siku ya Kiingereza akaonekana kama aliyekaa mbele ya karatasi asijibu hata swali moja, na wastani wake ukazama. Siku hizi somo hilo halihesabiwi kwenye wastani.

Sehemu ninayotaka muikalie ni ile ya chini, yenye mistari midogo. Chini ya Hisabati mtaona Namba, Vipimo, Jiometri, Data na Aljebra, kila moja na maswali aliyopata kati ya aliyoulizwa. Chini ya Kiswahili mna Kusikiliza na Kuzungumza, Kusoma, Sarufi, Kuandika. Hapa ndipo jumla inapofunguka. Tuna watoto wawili wa Gredi ya 5 waliopata 60 katika Hisabati. Mmoja amepoteza kidogo kila mahali. Mwenzake amepata karibu kila kitu isipokuwa Vipimo, ambako amekosa takriban maswali yote. Wa kwanza anahitaji mazoezi ya jumla na subira. Wa pili anahitaji mtungi wa lita 20, kikombe cha nusu lita na mtu wa kumwuliza vikombe vingapi vitaujaza. Anahitaji kupelekwa Kibuye siku ya soko aone omena ikipimwa kwa mkebe wa gorogoro, aulizwe bei ya nusu yake. Hiyo ni kazi ya likizo ya Agosti isiyohitaji mwalimu wa tuisheni wala senti moja ya ziada.

Najua swali linalokuja: amekuwa nambari ngapi? Hakuna nambari kwenye ripoti, na sitaipiga kwa kalamu pembeni mtu akija kunibembeleza. Sisi tuliosoma mfumo wa zamani wa 8-4-4 tulizoea jumla ya alama 500 na nafasi darasani, na KCPE, mtihani wa darasa la nane, ya mwisho ilifanywa mwaka 2023 tu, kwa hiyo mazoea hayajapoa. Lakini nafasi ya 20 haimwambii mzazi kama mtoto anajua kugawanya. Inamwambia tu kwamba wenzake 19 walikuwa mbele siku hiyo.

Kwa wazazi wa Sekondari Msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, neno moja zaidi. Tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 huchangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho ya KJSEA, matokeo ya KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, yanachangia 20 nyingine, na mtihani wenyewe wa Gredi ya 9 asilimia 60. Msisubiri Gredi ya 9 ndipo muanze kusoma ripoti.

Maoni ya mwalimu wa darasa sasa yameandikwa kwa mkono. Muhula uliopita programu ilikuwa ikibandika sentensi kulingana na alama, na mapacha wetu, Opiyo na Odongo, wakarudi nyumbani na sentensi ileile, neno kwa neno, hali mmoja anaongea darasani tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho na mwenzake hajawahi kuinua mkono. Kama mwandiko wa mwalimu wenu hausomeki, mwulizeni.

Tafadhali msipige picha ripoti na kuiweka kwenye kundi la WhatsApp la darasa, hata kama ni nzuri. Mara iliyopita iliwekwa moja ya kujivunia, na kufikia jioni wazazi walikuwa wakidaiana za wengine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za watoto pia, na shule haitatuma alama za mtoto yeyote kundini wala kuzisoma gwarideni.

Mkiona kosa, njooni Jumatatu au Jumanne ya wiki ijayo, kuanzia saa mbili asubuhi, na ripoti mkononi. Karatasi za mtihani zitakuwa ofisini na tutazihesabu pamoja mbele yenu. Kipande cha chini cha ripoti kikatwe, kitiwe sahihi na kirudishwe siku ya kufungua. Tarehe ya kufungua na salio la chakula cha mchana vimeandikwa nyuma.

Wenu mwaminifu,
Mwalimu Mkuu

Nakala: Mwenyekiti, Bodi ya Usimamizi