Indiketa za LED si feki, tizameni flasha na kile kitaa cha dashibodi

Ndugu Mhariri,

Asalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme hili jambo la indiketa za pikipiki maana naliona kila siku hapa Pemba na mwezi uliopita lilitaka kunitoa roho mie mwenyewe.

Nina honda ya zamani ya volti 12, ndio naendea nayo skuli ninakosomesha. Globu za indiketa zilikuwa zinaungua kila mara na vishikio vyake vimeshaliwa na chumvi, nikaona bora nifunge hizi za LED kama wanavyofunga vijana wa boda, zinaonekana vizuri usiku na hazili betri. Nikazifunga. Nikiwasha ya kulia inawaka lakini haizimi, imeganda tu. Fundi akanambia Maalim umeuziwa feki hizo, rudisha globu zako. Nimeshasikia watu wengi wameambiwa hivyo hivyo na wengine wamezitupa kabisa, na taa zenyewe nzima hazina kosa lolote.

Tatizo la kwanza ni flasha, kile kidude kinachofanya indiketa iwake na kuzima. Flasha za zamani nyingi ndani zina kibati, umeme ukipita kinapata moto kinajikunja kinakata, kikipoa kinarudi, ndio ule mlio wa tak tak tunaousikia. Sasa kibati kile kimepimwa kwa globu za wati 21, mbele moja na nyuma moja, hapo ni kama ampea 3 na nusu zinapita, ukitia LED ambazo kila moja inakula wati moja au mbili tu kibati kitapata wapi moto? Kinakaa pale pale na taa inaganda. Kuna flasha nyengine zinafanya kinyume, zinakwenda mbio mbio kwa sababu zikiona mzigo wa umeme umepungua zinadhani globu moja imeungua. Kanuni za kimataifa zinataka indiketa iwake mara 60 hadi 120 kwa dakika, ukihesabu kwa saa yako ukaona imepita hapo ujue ndio hiyo.

Dawa yake ni flasha ya elektroniki ya LED, ile haitizami mzigo. Nilimuagiza shemeji yangu Darajani, mjini Unguja, akanitumia kwa boti. Wapo mafundi wanaotia rizista badala ya flasha, kidude cha kula umeme ili flasha ya zamani idhani globu bado zipo, zile za omu 6 mpaka 8 na wati 50, zinafanya kazi kweli lakini zinapata moto mkali, nimeona moja imeyeyusha plastiki ya pembeni, na umeme uliokuwa unataka kuuokoa unaupoteza kwenye moto. Mie siipendi njia hiyo.

Nimeshafunga flasha mpya, inawaka inazima vizuri, nikafurahi. Siku ya pili yake nilikuwa natoka Chake narudi Wete magharibi imeshaingia, nikawasha kulia nikate kuingia njia ya ndani, gari iliyokuwa nyuma yangu badala ya kupunguza ikaja kuniovateki upande ule ule wa kulia, wallahi sijui nilivyoirudisha honda kushoto, kilichoniokoa ni Mungu tu. Dereva alisimama, si mtu mbaya, akanambia mzee wangu taa zako zote nne zinawaka, mie nimejua umepata matatizo unasimama pembeni. Nikashuka nikatizama nikaona kweli, nikiwasha kulia zinawaka zote nne, nikiwasha kushoto zote nne. Na mie niliyekaa juu yake sikuwa najua maana mbele kwenye dashibodi nakiona kile kitaa kimoja cha kuonesha indiketa kinawaka kama kawaida.

Na kitaa hicho kimoja ndio chenye kosa. Pikipiki nyingi za zamani zina kitaa kimoja tu kwa pande zote mbili, waya wake mmoja upo kwenye indiketa za kulia na wa pili kwenye za kushoto, hakina arthi yake, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye hasi ya betri. Ukiwasha kulia umeme unapita kwenye kitaa unakwenda kutafuta arthi kupitia globu za kushoto. Zamani ilikuwa haina neno, umeme ule mdogo globu ya wati 21 hata haiusikii. Lakini LED inausikia, nayo inawaka.

Kujua kama ndio hilo ni rahisi, chomoa kile kitaa, kama upande mmoja unawaka peke yake basi umeshapata jibu. Halafu nenda kwa fundi redio akupe dayodi mbili, vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zenye namba 1N4007 zinatosha. Waya wa kulia uupitishe kwenye dayodi moja, wa kushoto kwenye ya pili, ile michirizi ya fedha iliyo ncha moja ya kila dayodi yote ielekee kwenye kitaa, uziunge pamoja ziingie waya mmoja wa kitaa, na waya wa pili wa kitaa uupeleke arthi. Lehemu kidogo na tepu, umemaliza. Mie na fundi wangu ilituchukua nusu saa.

Kama LED haiwaki kabisa, geuza waya kwanza, hizi zina chanya na hasi si kama globu. Ikikataa tena vuta waya kutoka hasi ya betri mpaka kwenye taa, sie huku hewa ya bahari arthi zinakula kutu haraka. Na wenye pikipiki za volti 6 wasinunue LED za volti 12, hazitawaka vizuri.

Ombi langu kwa wauzaji wa spea, mtu akija kununua indiketa za LED muulizeni pikipiki yake ya zamani au mpya, na flasha muwe nayo hapo hapo dukani. Na mafundi kabla hamjamkabidhi mtu pikipiki yake simameni nyuma mtizame nini kinawaka.

Dayodi nilinunua kumi, zimebaki nane. Kijana yeyote wa Wete au Konde ambaye honda yake inawasha zote nne aje skuli baada ya saa kumi jioni nitamfungia bure.

Maalim, msomaji wenu,
Wete, Pemba