Shukrani kwa mama wa Mlango Mmoja

Shikamoo mama. Sikubahatika kujua jina lako, ila naomba salamu hizi zikufikie popote ulipo hapa Mwanza. Mimi ni yule binti uliyenikuta nikipekua rundo la mapazia ya mtumba pale sokoni Mlango Mmoja, hela yenyewe ya kubana. Nawe ulikuwa mnunuzi tu, hukuwa na cha kufaidi kwangu.

Ulinifundisha kuinua kitambaa juani: kikichoka, mwanga unapenya vitundu vitundu. Ukasema upana wa pazia uwe mara mbili ya dirisha ndipo likunjike vizuri, na kwamba shuka nzito ya pamba, ikishonwa upindo wa kupitisha fimbo, inashinda pazia jepesi la dukani. Ni kweli kabisa. Jua la jioni halinisumbui tena.

Kisha ukaacha shughuli zako, ukanisindikiza hadi kwa fundi anayeuza viti vilivyotumika. Uligeuza kiti miguu juu, ukapitisha kidole kwenye maungio kutafuta unga laini wanaouacha wadudu wa mbao. Cha kwanza kilikuwa nao, ukakirudisha bila maneno. Cha pili kilikuwa cha mninga, kizito, kimechanika kitambaa tu. Bei ukanipigania wewe, mimi naona haya, mpaka ikabaki hela ya vanishi na nauli ya daladala.

Asante sana, mama yangu. Mungu akuzidishie. Ukija Kitangiri, karibu sana nyumbani. Kiti hicho ukikalie wewe.