Mama Furaha, hilo joto la usiku si lazima liwe malaria

Bukavu, Jumapili jioni

Dada yangu Mama Furaha,

Salamu kwako na kwa watoto wote. Barua yako imefika, nami nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Unasema tangu mwaka jana unashtuka usiku umelowa jasho mpaka shuka, moyo unakwenda mbio, kisha muda si muda baridi inakukamata. Farmasi wamekuuzia dawa za malaria mara tatu. Mara moja tu ndipo walipokutoboa kidole, na mdudu hakuonekana. Una miaka 47, na siku zako za mwezi zinakuja zinavyotaka. Tafadhali, usinunue boksi la nne kabla ya kusoma barua hii mpaka mwisho.

Nadhani mwili wako uko njiani kuelekea kukoma hedhi, ndiyo menopozi. Njia hiyo ni ndefu: kwa wanawake wengi inachukua miaka minne hivi, kwa wengine zaidi, na hedhi yenyewe hukoma kati ya miaka 45 na 55. Katika kipindi hicho ovari hazipunguzi estrojeni, homoni ya kike, polepole kama taa inayoishiwa mafuta. Wiki hii inapanda sana, wiki ijayo inaanguka. Sasa, ndani ya ubongo kuna sehemu inayochunga joto la mwili kama mama anavyochunga makaa ya mbabula. Estrojeni ikitulia, mchungaji huyo anavumilia joto likipanda kidogo. Ikiyumba, hana uvumilivu tena: umejifunika blanketi moja la ziada, yeye anaona nyumba inaungua. Anafungua mishipa ya ngozi, anamwaga jasho, uso na kifua vinawaka. Na kwa kuwa amemwaga joto kupita kiasi, unabaki unatetemeka. Ndiyo maana watu wanadanganyika na kusema ni homa.

Kipimajoto ndicho kitakachoamua. Nunua kile cha betri, ukiweke karibu na mto pamoja na kitambaa kikavu. Joto likikupanda, jambo la kwanza ni kufuta jasho la kwapa vizuri, kwa maana kwapa lililolowa linakipoza kipimajoto na kukupa namba ya uongo. Kibane mpaka kilie. Andika saa na namba. Baada ya nusu saa pima tena. Joto la kukoma hedhi hupita ndani ya dakika moja hadi tano, mara nyingine zaidi kidogo, na ingawa ngozi inawaka, namba inabaki kwenye 36 au 37 hivi. Ukiona 37.5 au zaidi, au kichwa kinapasuka, unatapika, viungo vinauma, nenda ukapimwe malaria siku hiyohiyo, maana malaria haingojwi. Ninachokukataza ni kumeza dawa yake bila kupimwa, kwa sababu ugonjwa halisi unabaki nyuma, na pesa ya chakula inakwisha.

Kuna mambo mengine mawili ambayo nisingependa yafichwe na neno menopozi. Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili na unakonda, jasho la usiku linaweza kuwa kifua kikuu, basi wakupime makohozi. Na kama joto haliji kwa mawimbi bali liko nawe mchana kutwa, mikono inatetemeka, unakula lakini kilo zinapungua, waangalie tezi ya shingo. Kipimo cha damu kinaitwa TSH. Sisi wa ziwa hili la Kivu tuna sababu ya kukumbuka shingo. Madaktari walichunguza uvimbe wa shingo kwa watu wa kisiwa cha Idjwi miaka mingi, na wakakuta iodini ni haba na mihogo inaongeza tatizo. Chumvi yako iwe yenye iodini.

Vipimo vya homoni unavyoulizia, usitoe pesa yako huko. Kwa mwanamke aliyepita miaka 45 mwenye dalili kama zako, daktari haihitaji damu ili kujua. Homoni hizo zinabadilika hivi kwamba leo maabara itakuambia bado, mwezi ujao itakuambia tayari, na majibu yote mawili yatakuwa ya kweli kwa siku yake. Kipimo hicho kina maana kwa wenye umri mdogo zaidi, hasa mwanamke ambaye hedhi yake imekatika kabla ya miaka 40. Huyo asiambiwe avumilie. Mifupa na moyo wake vinahitaji homoni mpaka afike umri wa kawaida wa kukoma.

Kuliko maabara, nakuomba daftari. Chora safu nne: tarehe, damu (imekuja au hapana, pedi ngapi), joto mara ngapi, usingizi saa ngapi. Miezi mitatu ya daftari hilo itamsaidia daktari kuliko maelezo ya mdomo. Na hesabu inaanzia hapo: hedhi inahesabiwa kuwa imekoma ikipita miezi 12 mfululizo bila tone. Ukipata hata kidogo katika mwezi wa kumi, unaanza upya. Kwa hiyo ukikosa mwezi leo, kwanza pima mimba. Usicheke, mama. Yai linaweza kutoka wakati usioutarajia, na wengi wamebeba mimba katika umri wako wakidhani wamemaliza. Uzazi wa mpango unaendelea mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho kwa aliyepita miaka 50, na miaka miwili kwa aliye chini ya hapo.

Damu nyingi ndiyo inayonihangaisha zaidi katika barua yako, ingawa umeiandika kwa mstari mmoja. Yai lisipotoka, projesteroni, homoni ya pili ya kike, haitengenezwi, estrojeni inabaki peke yake ikijenga ukuta wa kizazi kuwa mnene, na siku ukuta huo ukibomoka unamwagika. Wengine wana uvimbe wa kizazi, ule unaoitwa fibromu, ambao wanawake weusi tunao sana. Basi pima hivi: pedi inajaa ndani ya saa moja au mbili, unaamka usiku kubadilisha, mabonge yanazidi kifuniko cha chupa ya soda, au siku zinapita saba. Moja tu katika hayo inatosha kukupeleka kituo cha afya. Pedi ikijaa kila saa na kichwa kinazunguka, usingoje kesho.

Huko waombe wapime hemoglobini. Chini ya 12 kwa mwanamke asiye na mimba ni upungufu wa damu, na uchovu ule unaoulaumu uzee huenda ni damu tu. Wakikupa vidonge vya madini ya chuma, 60 mg kwa siku ni kipimo cha kawaida. Vikikusumbua tumbo, waulize kama unaweza kumeza siku moja na kuacha siku moja, kwani mwili unavipokea vizuri hivyo pia. Meza na maji ya machungwa au ndimu. Chai yetu nzuri, ya maziwa au kavu, iwe mbali na kidonge na mbali na sahani ya sombe (majani ya mihogo) na maharage: acha saa moja au mbili. Chai inashika chuma na kukitoa nje, na wengi wanameza dawa miezi bila damu kupanda kwa ajili ya kikombe hicho. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Endelea miezi mitatu baada ya damu kurudi sawa, ili ghala lijae.

Tena, na hili mwambie kila mama unayesali naye: damu inayotoka baada ya miezi 12 ya ukavu, hata tone moja kwenye nguo ya ndani, ni safari ya hospitali. Si hedhi inayorudi, wala si ujana. Mara nyingi ni ukavu wa ukeni au kitu kidogo, lakini kwa karibu mmoja kati ya kumi ni saratani ya mji wa mimba, na inayoshikwa mapema hutibika. Waangalie pia shingo ya kizazi. Kile kipimo cha kupaka siki ni kizuri kwa mama kijana. Baada ya kukoma hedhi, sehemu inayotakiwa kuonekana huingia ndani ya mlango wa kizazi, na macho hayaifikii vizuri. Kwa hiyo ukiambiwa siki haikuonyesha kitu na bado damu inatoka, usirudi nyumbani umetulia. Omba ekografia (ultrasound) na uchunguzi zaidi.

Kuhusu usiku. Baridi ya Bukavu inatufanya tujifunike blanketi zito moja, na hilo ndilo kosa. Tumia vikwembe viwili vya pamba na blanketi jepesi juu, uvue kimoja kimoja bila kuamka kabisa. Nguo ya kulalia ya pamba, si ya nailoni. Pilipili, pombe na kahawa ya jioni vinachochea joto kwa wengi, lakini si kwa wote. Daftari litakuambia kwako ni kipi, usijinyime vyote. Unene wa tumbo pia unaongeza joto, na kupunguza kilo chache kunasaidia. Uji wa masoso wenye soya ni chakula kizuri, lakini anayekuahidi kwamba soya itazima moto huo anazidisha.

Sasa dawa zenyewe, kwa sababu umeniuliza waziwazi. Homoni ndiyo tiba yenye nguvu kuliko zote kwa joto na jasho. Hofu unayoisikia ilitoka Marekani mwaka 2002, utafiti mkubwa uliposimamishwa: kwa kila wanawake 10,000 waliomeza estrojeni pamoja na projestojeni (dawa ya jamii ya projesteroni) kwa mwaka mmoja, walipatikana kama wanane zaidi wenye saratani ya titi. Hatari ipo, lakini ni ndogo, na wanawake wale walikuwa na wastani wa miaka 63. Kwa mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka kumi tangu hedhi ikome, faida kwa kawaida inazidi. Mwenye kizazi lazima apate projesteroni pamoja na estrojeni. Estrojeni peke yake inanenepesha ukuta mpaka kuleta saratani. Estrojeni ya kubandika au kupaka kwenye ngozi haigandishi damu kama ya kumeza. Asiyeruhusiwa ni aliyewahi kuwa na saratani ya titi, damu kuganda mguuni au mapafuni, kiharusi, ini bovu, au damu ukeni isiyojulikana chanzo. Wewe basi, damu kwanza ichunguzwe.

Na tafadhali usikubali muuza dawa akupe vidonge vya uzazi wa mpango akisema ni kitu kimoja. Vile vya homoni mbili vina nguvu kubwa zaidi, na tansiyo (shinikizo la damu) ikiwa juu vinaweza kuleta kiharusi. Kwa asiyeweza homoni kuna dawa nyingine, kama venlafaxini na gabapentini, lakini ziandikwe na daktari.

Ile aya ya mwisho uliyoiandika kwa herufi ndogo nimeiona. Maumivu unapokuwa na baba Furaha si kukosa mapenzi. Ngozi ya uke imekuwa nyembamba na kavu kwa ukosefu wa estrojeni, na kwa sababu hiyohiyo maambukizi ya mkojo yanakuja mara kwa mara. Acha kabisa kuosha ndani kwa sabuni, chumvi, ndimu au majani. Vinaua vijidudu walinzi na kukausha zaidi. Maji tu, na nje tu. Tafuta mafuta ya kulainisha yaliyotengenezwa kwa maji, maana ya kupikia na vaselini hupasua kondomu. Yasipotosha, kuna estrojeni ya kuweka ukeni, kidogo sana: kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Hiyo haienei mwilini sana, na joto la usiku haiponyi. Mweleze mume wako kwa maneno ya wazi, mchana, mkiwa mmekaa.

Mkojo ukitoka unapokohoa, kaza misuli kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, mara nane, mara tatu kwa siku, miezi mitatu bila kuchoka. Pumua kawaida na usikaze tumbo wala matako, hapo ndipo wengi wanakosea. Mkojo ukivuja muda wote bila kukohoa, huo si umri. Inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Mukwege mwaka 1999, inajulikana kwa kazi hiyo.

Mifupa inapoteza nguvu haraka katika miaka ya kwanza baada ya hedhi. Kula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wazima pamoja na mifupa yao. Hapo ndipo kalisi, madini ya mifupa, ilipo. Panda milima yako kwa miguu, beba mzigo wa kiasi mikononi. Na tansiyo ipimwe ukiwa umekaa dakika tano, kibofu kitupu, miguu haijapishana, mara mbili. Ukiona 140 kwa 90 au zaidi siku mbili tofauti, anza kufuatiliwa.

Ndani ya bahasha nimekuwekea karatasi mbili nilizochora safu zile nne, ili uanze usiku wa leo. Ukienda kupima hemoglobini, niandikie namba waliyoipata kama walivyoiandika wao.

Wako akupendaye,
Mama Neema