Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: Tuhesabie nyumba za wastaafu wa Malindi na Watamu

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Malindi. Mimi ni dalali wa nyumba. Najua kazi hiyo haina sifa nzuri mjini, lakini droo ya meza yangu ina funguo za nyumba kumi na moja ambazo wenyewe wanatafuta mnunuzi, na hizo ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Wengi wa wenye funguo hizo ni wazee. Wataliano tulianza kuwazoea miaka ya 1960, walipoweka kituo cha kurushia setilaiti pale Ngomeni. Waliokuja baadaye wakajenga vila, na waliostaafu wakahamia kabisa, hata watoto wetu wa ufukweni wakajua kupatana bei kwa Kitaliano. Siku hizi wameongezeka wastaafu Wakenya kutoka Nairobi na bara, waliochoshwa na baridi na foleni za magari. Utawakuta Watamu, Mayungu, Kilifi, mpaka Vipingo. Ploti mpya zinazungushiwa mabati kila kukicha, na mpita njia atasema soko limechangamka.

Aingie ndani ya ua basi. Nyumba za zamani ni kubwa: vyumba vinne au vitano, bustani, kidimbwi cha kuogelea, paa la makuti. Makuti huezekwa upya kila baada ya miaka michache, chumvi hula vyuma, na bawabu na mtunza bustani sharti walipwe, mwenyewe awepo asiwepo. Mtu wa miaka 60 hayo anayamudu. Akifika 80, mwenzake ameshafariki, magoti hayataki ngazi, anawaza kurudi kwa wanawe, na hapo ndipo ananiletea ufunguo. Balaa ni kwamba jirani zake walikuja miaka ileile aliyokuja yeye, wakazeeka pamoja, na sasa wote wanauza pamoja. Mnunuzi wa leo naye haitaki nyumba hiyo. Anataka fleti ya vyumba viwili atakayoifunga akaenda zake, yenye hati yake peke yake chini ya sheria ya 2020 ya umiliki wa fleti. Kwa hiyo tunajenga mpya huku kuukuu zinarundikana, na hakuna mwenye hesabu ya upande wowote.

Bibi mmoja mjane aliniletea nyumba yake aiuze. Bei aliyoitaja, kwa yuro, alikuwa ameisikia kwa jirani. Jirani aliisikia kwa dalali mwingine. Dalali yule, namjua, aliiokota hewani. Nilimwambia bibi ni ghali mno, akaniuliza, "Wewe umejuaje?" Sikuwa na jibu la kumwonyesha kwenye karatasi. Misimu mitatu ya upepo wa kaskazi ikapita, akapunguza, akapunguza tena, paa likaanza kuvuja, mwisho akamkubalia wa kwanza aliyefika na pesa mkononi. Fungu langu nililipata. Bibi aliondoka akiamini nilimdhulumu, na mpaka leo sina namna ya kumthibitishia vinginevyo.

Vipimo vya bei za nyumba tunavyosoma magazetini huhusu zaidi Nairobi na miji inayoizunguka. Huku pwani tunakisia tu. Ilhali Mheshimiwa, hesabu hizo unazo! Kila nyumba inapohamishwa jina, mthamini wa serikali huikadiria ili ushuru wa stempu utozwe, asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani. Karatasi zipo, zimegongwa mihuri. Najua baadhi ya watu huandikisha bei pungufu, na katika biashara yangu nimeyaona hayo, lakini makadirio ya mthamini ni bora mara mia kuliko uvumi wa hotelini.

Kuna na hili la miaka ya kukodi ardhi. Katiba ya 2010 ilimwekea asiye raia ukomo wa kukodi ardhi kwa miaka 99, na waliokuwa na ardhi isiyo na kikomo ikageuzwa kuwa ya kukodi kuanzia 27 Agosti mwaka huo. Wenye mikataba ya zamani wengine wamebakiwa na miaka michache zaidi. Swali la kwanza la mnunuzi siku hizi ni "Imebaki miaka mingapi?" Na kwa ploti za mstari wa kwanza na wa pili kutoka baharini, tangu marekebisho ya 2016, asiye raia hauziwi bila kibali chako. Mzee wa miaka 82 akipata mnunuzi mgeni, mauzo yake yanasubiri sahihi yako, naye hana siku za kusubiri kama kijana.

Kodi ya faida anayoipata mtu akiuza nyumba sitaisemea sana. Ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 mwaka 2023, na anayeishi nyumbani kwake miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza ana msamaha. Wanaokuja msimu wa kaskazi na kuondoka msimu wa kusi huniuliza kama nao wamo, nami huwapeleka kwa wakili.

Ninaloomba ni ukurasa mmoja tu kila miezi mitatu, bila jina la mtu: nyumba ngapi zimehamishwa Malindi, Watamu na Kilifi, za ukubwa gani, zimebakiwa na miaka mingapi, zimekadiriwa kiasi gani, na maombi mangapi ya kibali yanasubiri na tangu lini. Kaunti nayo iongeze idadi ya ramani za nyumba mpya ilizopitisha, tuzilinganishe.

Ukitaka kujionea mwenyewe, usije Desemba, maana Desemba taa zote zinawaka na kila lango liko wazi. Njoo Juni, mvua na kusi vikiwa vimeshika. Nitakuja na funguo zangu kumi na moja, tuzunguke nyumba moja moja.

Wako mtiifu,
Dalali wa nyumba, Malindi