Seli Kufa Maabara Bado Si Tiba

Mhariri,

Baada ya gazeti lako kutangaza kwa herufi kubwa kwamba dawa ya saratani imepatikana kwenye majani, nilipigiwa simu na mtu ninayemheshimu sana. Aliniuliza majani hayo yanapatikana wapi, na kama mkewe anaweza kuacha dripu ya dawa za saratani. Kazi yangu ni hiyohiyo: kutia viambata vya mimea kwenye seli za saratani zinazooteshwa maabara na kutazama zinakufaje. Nilimjibu asiache dripu hata siku moja. Wewe nakuandikia kwa sababu kichwa kile cha habari kiliruka hatua nyingi.

Seli kufa kwenye sahani si habari. Chumvi ikizidi zinakufa, spiriti ndiyo usiseme. Hata DMSO, kimiminika tunachoyeyushia viambata, kikizidi kinaziua chenyewe, ndiyo maana kila jaribio huwa na visima, yaani vishimo vidogo vya sahani, vilivyotiwa kiyeyushi kitupu bila kiambata. Nimeona "dawa" zaidi ya moja zikizikwa na visima hivyo: seli zilikufa humo vilevile. Kinachotukesha ni kujua seli imekufa kwa njia gani, na kama kipimo kilekile kimeziacha salama seli nzima, zisizo na saratani.

Maana kufa kuko kwa namna. Seli iliyopigwa na sumu kali huvimba, utando wake ukapasuka, na yaliyomo ndani yakamwagika na kuwasha tishu za jirani. Tunayoitafuta sana ni apoptosisi, yaani seli kujiua yenyewe kwa utaratibu inapopata amri, ambayo watafiti Kerr, Wyllie na Currie waliieleza mwaka 1972. Ukiwa umeinamia hadubini unaiona seli ikijikunyata na kubanduka kwenye sakafu ya sahani, kisha utando unaanza kutoa malengelenge, hapa na pale, kama maji yanayotokota. Ndani, DNA inakatwakatwa. Mwishowe seli inabaki vifurushi vidogo vilivyofungwa, na mwilini vifurushi hivyo humezwa na seli nyingine bila fujo. Nimeitazama kwa miaka na sijaichoka.

Mwili wenyewe hufanya hivyo kila siku. Saratani, kwa sehemu kubwa, ni seli zilizokataa amri hiyo. Protini ya p53, mmoja wa watoa amri wakuu, ina hitilafu katika takriban nusu ya saratani za binadamu. Saratani nyingine hujilimbikizia BCL-2, protini inayozuia seli isijiue. Jeni ya BCL-2 iligunduliwa miaka ya 1980. Venetoklaksi, dawa inayoifunga protini hiyo, ilipata kibali Marekani mwaka 2016, kwa aina moja ya saratani ya damu. Piga hesabu mwenyewe.

Sidharau mimea, ndiyo inayonilisha. Vinkristini, inayotumika kutibu saratani ya damu kwa watoto, ilitoka kwenye ua lenye asili ya Madagaska. Paklitakseli ilitoka kwenye magome ya mti wa Marekani: yalikusanywa mwaka 1962, muundo wa kiambata ukachapishwa 1971, kibali kikatoka 1992. Dawa hiyo hushika nyuzi ambazo seli huzitumia kujigawa, seli ikakwama katikati ya kazi na mara nyingi ikafa. Kati ya magome na kibali kulikuwa na wanyama wa maabara, kisha wagonjwa waliokubali kujaribiwa, na madhara yaliyobidi kupimwa. Mtu anayechemsha majani nyumbani hana hata kimoja cha hivyo, wala hajui ameweka kipimo gani kikombeni.

Mtafiti mliyemwandika huenda amefanya kazi nzuri tu. Sidhani kichwa kile alikitunga yeye. Mpigieni tena. Mwulizeni seli nzima zilipona kwa kipimo kipi, na visima vya kiyeyushi kitupu vilionyesha nini. Majibu yake yachapeni ukurasa uleule wa kwanza, kwa herufi zilezile.

Mtafiti wa maabara